Msikiti Uliogeuka Zahanati: New Orleans Baada ya Kimbunga Katrina



Leo katika historia tunakwenda mbali kidogo, Marekani, jimbo la Louisiana, kwenye mji wa New Orleans. Mwaka 2005 mji huo ulipigwa na kimbunga Katrina, maji yakaufunika, na hospitali kubwa kubwa zikabaki gizani. Katika siku zile ngumu, moja ya zahanati za mwanzo kufungua mlango kwa watu wa mtaani, bila malipo na bila masuali mengi, ilikuwa ndani ya msikiti. Wengi wetu habari hii hatujawahi kuisikia. Ni haki tuijue, maana ina mafunzo kwa kila mwenye nyumba, na khasa kwa bibi harusi anayekwenda kuanza nyumba yake.

Tusije tukadhani vimbunga ni mambo ya wenzetu tu. Wazee wetu wa Unguja walikiona cha kwao tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash. Kilizamisha vyombo bandarini na kuangusha mikarafuu mashamba kwa mashamba, na tangu hapo Pemba ndiyo ikashika uongozi wa karafuu. Kwa hiyo tuisome habari hii kama watu wa bahari wanaosikiliza habari za watu wa maji wenzao.

Mji ulio kama bakuli

New Orleans ulianzishwa na Wafaransa mwaka 1718 kwenye ukingo wa mto Mississippi. Upande mmoja kuna mto, upande wa pili kuna ziwa kubwa la Pontchartrain, na sehemu kubwa ya mji iko chini ya usawa wa bahari. Ni kama bakuli lililowekwa ndani ya beseni la maji. Kinachoufanya mji uwe mkavu ni matuta, kuta za mifereji na pampu zinazovuta maji kila mvua inaponyesha.

Jumapili tarehe 28 Agosti 2005 meya wa mji aliamuru watu wote wahame. Wenye gari waliondoka. Waliobaki wengi wao walikuwa maskini, wazee, wagonjwa, na wale ambao hawakuwa na chombo cha kuwatoa wala jamaa wa kumkimbilia. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi.

Kimbunga kilifika nchi kavu asubuhi ya Jumatatu, tarehe 29. Upepo ulipotulia, baadhi ya watu walimshukuru Mungu wakidhani yamepita. Kumbe kuta za mifereji zilikuwa zimepasuka, na maji yalikuwa yanaingia mtaa kwa mtaa. Karibu asilimia 80 ya mji ilifunikwa. Mahali pengine maji yalifika kwenye mapaa ya nyumba, na watu wakatoboa dari ili watoke juu wapate pumzi.

Mwaka 2006 kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, ambacho ndicho kilichojenga kuta zile, kilikiri kwamba usanifu wake ulikuwa na kasoro. Hapa tunajifunza kwamba kimbunga ni qadar ya Mwenyezi Mungu, lakini ukubwa wa msiba mara nyingi una mkono wa binadamu ndani yake.

Zaidi ya watu 1,300 walipoteza maisha. Karibu nusu ya waliofariki Louisiana walikuwa wazee wa miaka 75 na kuendelea. Tafadhali likumbuke hilo, maana tutalirudia.

Jenereta zilipozimika

Kabla ya kimbunga, hospitali ya maskini ya New Orleans ilikuwa Charity. Ilianzishwa mwaka 1736 kwa mali iliyoachwa kwa wasia na baharia mmoja wa Kifaransa, Jean Louis, aliyetaka mali yake itumike kuwatibu wasiojiweza. Sisi tungesema aliacha kitu mfano wa waqfu. Karibu miaka 270 hospitali ile ilikuwa ikipokea watu ambao hawakuwa na pa kwenda.

Hospitali nyingi za mji zilikuwa na jenereta. Lakini jenereta zenyewe, au swichi zake, au pampu za kupandishia mafuta, zilikuwa zimewekwa chini, huko huko maji yanakoingia kwanza. Maji yalipofika, taa zikazimika, lifti zikasimama, vipoza hewa vikanyamaza, na mashine za kupumulia zikaanza kutegemea betri ambazo nazo zina kikomo.

Hapo ndipo mikono ya wauguzi na madaktari ilipogeuka kuwa mashine. Mgonjwa asiyeweza kuvuta pumzi alikuwa anapewa hewa kwa mfuko maalumu unaobanwa kwa mkono, banda na achia, banda na achia, saa baada ya saa, watu wakipokezana. Wagonjwa walishushwa kwa machela kwenye ngazi zenye giza, ghorofa kwa ghorofa. Wenye afya walikula kidogo ili wagonjwa wapate. Vyoo havikuwa na maji. Joto la Agosti huko si mchezo, na ndani ya majengo yaliyofungwa lilipita nyuzi 38.

Kwenye hospitali ya Memorial umeme ulikatika kabisa kiasi cha saa nane usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 31. Kiwanja cha helikopta kilikuwa juu ya jengo la kuegeshea magari. Ili kuwafikisha wagonjwa huko, wafanyakazi waliwapitisha kwenye tundu la ukuta katika chumba cha mitambo, kisha wakawapandisha tena ngazi hadi juu. Kila mgonjwa mmoja alihitaji watu kadhaa na muda mrefu.

Nani atoke kwanza?

Hapa pana suala zito, na halina jibu rahisi. Boti ni chache, helikopta ni chache, wagonjwa ni wengi. Nani atangulie?

Memorial, madaktari waliamua kwamba wale ambao maradhi yao yalikuwa yamefika mbali, na waliokuwa wameandikiwa kwamba moyo ukisimama wasirudishwe, watoke mwisho. Charity walifuata njia nyengine: waliokuwa mahututi zaidi ndio waliotafutiwa njia ya kutoka mwanzo. Charity pia walishikilia utaratibu wa zamu, mtu anafanya kazi na mtu analala, na walikuwa wakikutana mara kwa mara ili kila mmoja ajue kinachoendelea, ili uvumi usiwavunje watu nyoyo.

Baada ya siku zile, maiti 45 zilikutwa Memorial. Charity, pamoja na ufukara wake wote, waliofariki hawakufika 10. Haikuwa sababu moja tu, maana wagonjwa walitofautiana na majengo yalitofautiana. Lakini waliochunguza mambo haya wameona kwamba mazoezi ya mapema, utulivu na kutomkatia tamaa mgonjwa yalikuwa na nafasi yake.

Memorial kulitokea pia tuhuma kwamba baadhi ya wagonjwa walichomwa sindano za kuharakisha mauti. Mwaka 2006 daktari mmoja na wauguzi wawili walikamatwa, na mwaka 2007 baraza la mahakama lilikataa kumfungulia mashtaka daktari. Sisi hatumhukumu mtu. Tunachukua funzo tu: siku ya shida, mtu aliyechoka, mwenye njaa na asiyelala anaweza kulazimika kufanya maamuzi ambayo hayapasi kufanywa na mtu katika hali ile. Ndiyo maana maamuzi mazito yafikiriwe wakati wa raha.

Watoto njiti na kifua cha daktari

Akina mama mlio na watoto, hii itawagusa. Kwenye hospitali za mji mlikuwa na vichanga waliozaliwa kabla ya wakati, wengine wazito chini ya kilo moja, wanaoishi kwa joto la mashine. Umeme umekatika, watafanyaje?

Daktari mmoja wa watoto alimweka kichanga ndani ya nguo zake, ngozi kwa ngozi, akapanda naye helikopta huku akimpa pumzi kwa mkono. Leo kila mkunga wa kwetu anaijua njia hii ya kumweka mtoto njiti kifuani, na siku ile ilikuwa ndiyo mashine pekee iliyobaki. Zaidi ya vichanga 100 kutoka hospitali za New Orleans walipokewa katika hospitali ya wanawake ya mji wa Baton Rouge. Wengi walifika bila mama zao, na kazi nyengine ikawa kuwatafuta mama hao waliotawanyika majimbo mbalimbali, mmoja mmoja, mpaka kila mtoto arudi kwa wenyewe.

Ng'ambo ya mto: Masjid Bilal

Sasa tuvuke mto Mississippi. Upande wa magharibi kuna mtaa unaoitwa Algiers, jina moja na mji mkuu wa Algeria. Mtaa huu ni sehemu ya New Orleans lakini haukuingia maji. Mtu angedhani basi walisalimika. Hapana. Umeme haukuwepo, maduka ya dawa yamefungwa, zahanati zimefungwa, madaktari wamehama. Waliobaki walikuwa na nyumba kavu na mwili mgonjwa.

Na kulikuwa na khofu. Baadhi ya wazungu wa sehemu moja ya mtaa walijifunga silaha na kuweka vizuizi barabarani, na watu weusi walipigwa risasi. Miaka mingi baadaye mmoja wa waliofanya hivyo alikiri mahakamani na kufungwa. Watu walikuwa wanaogopa hata kutoka kwenda kutafuta maji.

Mkaazi mmoja wa Algiers aliitwa Malik Rahim. Ni Muislamu, na ujana wake alikuwa katika chama cha Black Panther, ambacho miaka ya 1970 kilifungua zahanati za bure katika mitaa ya watu weusi, kupima presha na ugonjwa wa selimundu wakati hakuna aliyewajali. Kwa hiyo fikra ya kwamba watu wa mtaa wanaweza kujifungulia tiba wenyewe haikuwa ngeni kwake.

Tarehe 5 Septemba 2005, yeye na mwenzake Sharon Johnson na rafiki yao mmoja waliamua kuanzisha kikundi cha kusaidiana. Waliita Common Ground. Mtaji wao wa mwanzo ulikuwa dola 50: Malik alitoa 20, na bibi huyu Sharon akatoa 30. Dada zangu, naomba mliweke hilo moyoni. Fungu kubwa la mtaji lilitoka mkobani mwa mwanamke.

Vijana wanne waliosomea huduma ya kwanza walifika Algiers, wakachukua baiskeli, wakapita nyumba kwa nyumba wakigonga mlango na kuuliza: kuna mtu anaumwa hapa? Walipima presha, walipima sukari, waliuliza mtu analala vipi usiku. Kwa watu ambao kwa siku kadhaa walikuwa wameona bunduki tu, kugongewa mlango na mtu anayeuliza hali ilikuwa tiba tosha.

Tarehe 9 Septemba zahanati ikafunguliwa ndani ya Masjid Bilal. Msikiti huu umepewa jina la Sayyidna Bilal bin Rabah, radhi za Allah ziwe juu yake, jina linalopendwa sana na Waislamu weusi wa Marekani. Wauguzi na madaktari wa kujitolea wakaja kutoka majimbo mbalimbali. Hapakuulizwa bima, hapakuulizwa kitambulisho, hapakuulizwa dini. Aliyekuja alipokewa. Msemo wao ulikuwa kwamba wanafanya mshikamano, si hisani, maana yake mgonjwa haombi bali ni mwenzao.

Baadaye zahanati ilihamia kwenye jengo lililokuwa duka la mtaani, ikasajiliwa, ikaendelea kuhudumia watu miaka mingi. Lakini ilipozaliwa ilizaliwa msikitini.

Bibi Rufaida na hema la Madina

Kwa Muislamu anayeijua historia yake, msikiti kuwa mahali pa tiba si jambo geni. Baada ya vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Sahaba Saad bin Muadh alipojeruhiwa, hema lilipigwa katika msikiti wa Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, apate kuuguzwa hapo. Wanahistoria wa sira wanamtaja aliyekuwa akiuguza majeruhi katika hema lile: Bibi Rufaida wa kabila la Aslam. Mwanamke, mwenye elimu ya majeraha, katika uwanja wa msikiti.

Kati ya Bibi Rufaida na Masjid Bilal ya Algiers kuna karne 14 na bahari kadhaa. Kazi ni moja. Mlango uko wazi, mgonjwa yuko karibu na nyumbani kwake, na anayemuuguza ni mtu anayemjua au anayemheshimu.

Walikuwa wanaumwa nini?

Kwenye televisheni ulimwengu uliona watu juu ya mapaa na helikopta. Lakini walioketi kwenye foleni za zahanati, wengi wao shida yao ilikuwa ndogo kuitaja na kubwa kuibeba: vidonge vya presha vimekwisha. Insulini imeharibika kwa joto. Mtoto ana pumu na dawa yake ya kuvuta imebaki nyumbani chini ya maji. Mgonjwa wa figo amekosa siku zake za kusafishwa damu. Kati ya waliokimbilia kwenye makambi ya Houston, kiasi cha wanne katika kila 10 walikuwa na maradhi ya kudumu kama hayo.

Na wengi hawakujua majina ya dawa zao. "Natumia kidonge cheupe cha asubuhi na kidogo cha jioni," mgonjwa wa aina hii hata daktari bingwa atamsaidiaje? Mafaili ya karatasi yalilowa na kuoza. Maveterani wa jeshi tu ndio waliokuwa na afadhali, kwani kumbukumbu zao zilikuwa kwenye kompyuta na daktari wa mji wowote aliweza kuzifungua.

Kisha kulikuwa na vidonda. Maji yale yalichanganyika na maji machafu ya vyooni, mafuta na mizoga. Mkwaruzo mdogo wa mguu uliweza kuwa hatari. Katika wiki mbili za mwanzo wataalamu walihesabu wagonjwa 22 waliopatwa na bakteria wa jamii ya vibrio, wengi kupitia vidonda, na watano wakafariki. Ndiyo maana zahanati kama ya msikitini zilitilia mkazo kusafisha majeraha na chanjo ya pepopunda.

Baada ya maji kukauka

Maji ya mwisho yalitolewa mjini tarehe 11 Oktoba 2005. Hospitali ya Charity haikufunguliwa tena. Hospitali mpya iliyochukua nafasi yake ilifungua milango mwaka 2015, miaka 10 baadaye, na kwa miaka yote hiyo maskini wa New Orleans walitegemea sana zahanati ndogo za mitaani.

Kuta za mji zilijengwa upya kwa mabilioni ya dola. Kimbunga Ida kilipopiga tarehe 29 Agosti 2021, siku ile ile ya Katrina, kuta zilisimama imara. Lakini umeme ulikatika mji mzima, na wazee waliokuwa wakiishi peke yao kwenye majengo ya ghorofa wakafa kwa joto, wengine wakagunduliwa baada ya siku kadhaa. Ukuta ulizuia maji, lakini haukuweza kumgongea bibi mzee mlango na kumuuliza hali. Hiyo ni kazi ya jirani.

Tuchukue nini nyumbani kwetu?

Bibi harusi anapokwenda kwake hufundishwa kupika, kujipamba, kufukiza udi na kumpokea mgeni. Tumuongeze na haya machache:

1. Jua afya ya watu wa nyumba. Mama mkwe ana presha? Baba ana sukari? Wifi ana pumu? Uliza kwa adabu, mapema, si siku ya mashaka.

2. Andika majina ya dawa, kipimo na saa zake kwenye karatasi, itie kwenye mfuko wa plastiki usiopenya maji pamoja na cheti cha kliniki cha mtoto na vitambulisho. Weka juu, pasipofika maji. Piga na picha kwenye simu.

3. Usisubiri kidonge cha mwisho ndipo uende kuchukua dawa, khasa msimu wa masika. Na mwenye insulini amuulize muuguzi wake mapema namna ya kuihifadhi umeme ukikatika.

4. Usipite kwenye maji ya mafuriko ukiwa na kidonda, wala watoto wasicheze humo. Mtu akijikata, kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, na aende kituo cha afya akaulizie chanjo ya pepopunda.

5. Wajue majirani wasioweza kukimbia: mzee anayeishi peke yake, mama mjamzito, mtoto mlemavu. Kubalianeni kabisa nani atamgongea nani.

6. Kwenye darsa zenu za wanawake, fikirini kumwita muuguzi afundishe huduma ya kwanza. Na muulize, ufunguo wa msikiti au madrasa siku ya dharura uko kwa nani? Masjid Bilal iliweza kusaidia kwa sababu mlango ulifunguliwa.

Sote tunajua uzito ambao dini yetu imeupa uhai wa nafsi moja. Wale wanne wa baiskeli hawakuuokoa mji mzima, na Sharon Johnson kwa dola zake 30 hakuujenga ukuta wa mto. Walianza na nyumba iliyokuwa mbele yao, kisha ya pili.

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na visiwa vyetu, awarehemu waliotangulia katika msiba ule, na atujaalie tuwe majirani wema kabla ya shida na ndani ya shida. Aamin.

Mkipenda, tuandikieni mtaani kwenu mnasaidiana vipi mvua kubwa zinapokuja. Maassalaam.